Kifurushi cha Sena: kisa cha fundi wa Kibuye, Posta na Bunge

Kisa hiki ni cha mzigo mmoja wa sare za shule uliotoka Kisumu, Kenya, kwenda Sena, katika kisiwa cha Mfangano kilicho Ziwa Viktoria, na ombi kwa Bunge lililotokana nao. Mzigo wenyewe haukuwa mkubwa: magunia mawili ya sweta, kaptula na rinda za watoto wa shule ya msingi. Nimeufuatilia hatua kwa hatua kwa sababu unaonyesha mahali ambapo uchunguzi wa Bunge kuhusu Posta haufiki. Kamati zetu huanza na madeni ya shirika. Aliyetuma mzigo huanza na swali lake: nani ataufikisha, kwa bei gani, na ukipotea nimshike nani?

Mwenye mzigo ni fundi wa kushona mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye. Zamani aliwauzia wapita njia na shule za jirani. Simu zilipoenea, wateja wakaanza kutoka mbali: Bondo, Mumias, Port Victoria, Kapenguria. Mteja huona picha kwenye WhatsApp, hutuma vipimo, hulipa nusu kwa M-Pesa na kumalizia akipokea. Fundi hushona, hukunja, hufunga, huandika jina na nambari ya simu kwa kalamu ya wino mzito, kisha humwita mtu wa boda apeleke steji. Hiyo kazi ya kukusanya oda, kuzifunga na kuzituma ni sekta kamili ya uchumi, na kwingineko huwa na maghala, mashine na mawakili wake. Kisumu inafanywa na watu wawili ndani ya chumba kimoja, na haikosi katika mtaa wowote: viatu, vitabu, simu zilizotumika, vipuri vya pikipiki, shuka.

Sena nako kuna mama mwenye duka. Yeye huwakusanyia wazazi wa kisiwani oda zao, hupokea pesa zao, huagiza kwa jumla na kuchukua kidogo chake juu. Januari moja, shule zikiwa karibu kufunguliwa, aliagiza kwa fundi magunia hayo mawili.

Fundi aliyapeleka kwa kampuni moja ya kusafirisha vifurushi mjini. Alilipa, akapewa risiti iliyoandikwa Homa Bay, maana hapo ndipo ilipo ofisi ya mwisho ya kampuni hiyo upande ule. Kutoka Homa Bay hadi Mbita ni matatu. Kutoka Mbita hadi Sena ni boti. Vipande hivyo viwili vya safari havina risiti. Vinategemea makanga na nahodha wanaojuana na mwenye duka. Kwa kawaida mzigo hufika, na sitaki mtu adharau utaratibu huo. Watu wa boti wamevusha dawa, mitihani, maiti na pesa taslimu kwa miaka mingi ambayo kisiwa hakikuwa na mwingine wa kumtegemea.

Safari hii mambo yaliharibika. Ofisi ya Homa Bay ilimpigia mama wa duka, simu haikupatikana, magunia yakakaa siku tisa. Yalipoondoka, moja lilifika Sena na jingine halikuonekana. Masomo yalikuwa yameanza na watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Wazazi walimdai mama, mama akamdai fundi, fundi akaenda kwa kampuni. Kampuni ikamwonyesha maandishi madogo nyuma ya risiti: dhima yetu inaishia Homa Bay, na mzigo ulichukuliwa pale kwa sahihi. Sahihi ilikuwa ya makanga. Makanga akasema aliyashusha yote mawili Mbita akayakabidhi boti. Mwenye boti akasema alipokea gunia moja. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumkanusha mwenzake, na kila mmoja wao, kwa jinsi nilivyowasikiliza, alikuwa akisema anachokiamini.

Fundi alirudisha pesa za gunia lililopotea kutoka mfukoni mwake. Alikosa faida ya msimu wote, na mama wa Sena hajaagiza tena.

Mtu wa sheria akikisoma kisa hiki atasema ulinzi upo. Ni kweli. Anayebeba vifurushi vya watu kwa malipo nchini Kenya anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, awe kampuni ya kimataifa au basi linalobeba mizigo chini ya viti. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na kuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini fuata mzigo uone haki hizo zinavyopungua njiani. Kisumu hadi Homa Bay kuna leseni, risiti na ofisi ya kulalamikia. Homa Bay hadi Mbita kuna jina la makanga. Baada ya Mbita kuna maji. Mteja wa mjini analindwa safari nzima. Mteja wa kisiwani analindwa hadi mahali ambapo hatari ndipo inapoanza.

Wapo watakaosema basi mwenye boti naye akate leseni. Ukimlazimisha nahodha anayebeba gunia mbili kwa wiki alipie leseni ya kampuni ya vifurushi, ataacha kubeba, na Sena itakosa hata gunia lile moja. Swali la kisa hiki si leseni. Ni wajibu: katika nchi hii, nani analazimika kufika Sena hata kama safari hiyo haina faida?

Jibu la sheria lipo, na ndilo linalotuleta kwa Posta. Wajibu wa huduma ya posta kwa wote, mjini na mashambani, umewekwa juu ya Shirika la Posta la Kenya. Nilimuuliza fundi kama aliwahi kulifikiria. "Mwalimu, Posta si ni ya barua?" akanijibu. Kwa watu wa rika lake, Posta ni yale maneno "S.L.P., Kisumu 40100" yanayojazwa kwenye fomu za kazi.

Shirika hilo lilizaliwa Julai 1999, Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa chini ya sheria za mwaka 1998. Simu zilikwenda Telkom, udhibiti ukaenda kwa tume ambayo baadaye ilikuja kuwa Mamlaka ya Mawasiliano, barua zikabaki Posta. Mgawanyo huo ulitenganisha kazi iliyoingiza pesa na kazi iliyobebwa na pesa hizo. Kisha Machi 2007 ikaja M-Pesa, na foleni za kutuma manioda kwa wazazi mashambani zikakatika. Barua za mapenzi, kadi za Krismasi, taarifa za benki, bili za umeme, zote zikahamia kwenye simu. Kilichobaki kikikua ni vifurushi, na huko Posta ilikuta mabasi na kampuni binafsi zimeshatangulia.

Bunge halijalala usingizi juu ya shirika hili. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kukagua mashirika ya umma, na kulitaka Bunge lijadili ripoti yake ndani ya miezi mitatu baada ya kuipokea. Kwa hiyo wakuu wa Posta huitwa mbele ya Kamati ya Uwekezaji wa Umma, na kamati ya mawasiliano nayo huwaita kwa mambo ya sera. Mambo yanayojadiliwa yanajulikana: hasara ya mwaka hadi mwaka, mishahara inayochelewa, makato ya pensheni yasiyowasilishwa, viwanja na majengo ambayo hati zake hazijakaa sawa tangu mgawanyo wa 1999, na kodi ya pango ambayo Posta imelalamika kuidai serikali kwa majengo yake yaliyogeuzwa vituo vya Huduma kuanzia 2013.

Haya ni maswali ya haki na siyapunguzii uzito. Nyuma ya kila deni la pensheni kuna mzee aliyebeba mifuko ya barua kwa baiskeli ambaye leo hana nauli ya kwenda hospitali. Hata hivyo, hesabu za shirika zina mstari wa majengo, mstari wa magari, mstari wa madeni, na hazina mstari wa Sena. Mkaguzi hukagua kilichotumika. Katika ukaguzi wa hesabu si rahisi kuandika kwamba mahali fulani huduma haikutolewa kabisa, kwa kuwa huduma isiyotolewa haina risiti. Kamati inayoanza na ripoti hiyo itamaliza ilipoanzia, na kila kikao kitakuwa juu ya jinsi ya kuliokoa au kuliuza shirika. Ile kazi ambayo shirika liliundwa kuifanya haitatajwa, kwa sababu hakuna aliyeingia chumbani akiwa na gunia lililopotea.

Wakati huohuo, nje ya chumba hicho, watu binafsi walikuwa wakijaribu kazi ileile kwa mamilioni ya dola. Copia, kampuni iliyoanzia hapa Kenya, ilijenga biashara nzima juu ya mtu kama yule mama wa Sena. Mteja wa kijijini asiye na anwani wala kadi ya benki alikwenda kwa wakala mwenye duka, akaagiza, na bidhaa zikaletwa pale dukani. Ilikusanya mitaji ya zaidi ya dola milioni 100. Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na zaidi ya wafanyakazi 1,000 walikuwa katika hatari ya kupoteza kazi. Mwaka mmoja kabla, 2023, Sendy, iliyokuwa ikiwafungia na kuwapelekea wafanyabiashara oda zao, nayo ilifunga milango.

Watu wengi wameandika kuhusu anguko la kampuni hizi kama habari ya wawekezaji. Mimi naliona kama ushahidi uliopaswa kupelekwa mbele ya kamati ya Bunge. Kufikisha kifurushi cha bei ndogo katika nyumba iliyo mbali na lami ni ghali kuliko faida ya kifurushi chenyewe. Kampuni binafsi inaweza kuibeba hasara hiyo ikiwa na mtaji wa watu, na mtaji ukikauka huduma hukoma siku hiyohiyo. Shirika la umma huibeba likiwa na fungu la umma, na lisipopewa fungu huibeba kwa kuchelewesha mishahara. Ni gharama ileile. Kinachobadilika ni nani anaumia. Ila Copia ilikufa, Posta ikawa inadhoofika, na mambo hayo mawili yakajadiliwa kana kwamba ni ya nchi mbili tofauti. Wakala wa dukani aliyethibitika kufaa kama mahali pa kupokelea mizigo aliachwa bila mizigo, na shirika lenye wajibu wa kufika kijijini likaendelea kuulizwa habari za viwanja.

Katika kutafuta mahali ambapo Bunge liliwahi kuyashika mambo haya mawili kwa wakati mmoja, nilifika Uingereza ya mwaka 2011. Nitakaa hapo kidogo, maana kisa chao kinafundisha mengi kwa jinsi kilivyofaulu na jinsi kilivyoumiza.

Mwaka huo Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Huduma za Posta, iliyoidhinishwa Juni 13. Serikali ilitaka kuuza Royal Mail, shirika la posta la nchi hiyo, na Oktoba 2013 hisa zake ziliuzwa kweli katika soko la hisa. Lakini kabla ya kuuza, wabunge waliandika ndani ya sheria yenyewe kile ambacho mnunuzi hawezi kukiacha: barua zifikishwe siku sita kwa wiki, vifurushi siku tano, kwa kila anwani, kwa bei moja nchi nzima. Mtu wa kisiwa cha mbali kaskazini mwa Uskoti alipe sawa na mtu wa London. Maduka ya posta yaliwekwa katika kampuni nyingine iliyobaki mikononi mwa umma, na usimamizi ukapewa mdhibiti mmoja, Ofcom.

Mauzo yale yalilaumiwa baadaye, na kamati ya Bunge lao wenyewe ilisema hisa ziliuzwa kwa bei ya chini. Huduma nayo imezorota. Lakini kwa kuwa wajibu uliandikwa kwa siku na kwa viwango, kuzorota kwake kunapimika: Ofcom iliitoza Royal Mail faini ya pauni milioni 5.6 mwaka 2023 na milioni 10.5 mwaka 2024 kwa kuchelewesha barua. Na vile visiwa vya Uskoti vinatupa kipimo kingine. Kampuni binafsi za vifurushi, ambazo hazikubebeshwa wajibu huo, huwatoza watu wa huko ada ya ziada, au hukataa kabisa kuwapelekea, na wabunge wao wamelipigia kelele jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Mama wa Sena angewaelewa bila mkalimani.

Sasa upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2011, katika ofisi nyingine ya serikali ileile, Hazina ilikuwa ikiamua hatima ya sekta ya kufunga na kutuma oda katika visiwa vya Jersey na Guernsey. Visiwa hivyo viko kati ya Uingereza na Ufaransa na havikuwa ndani ya eneo la VAT la Umoja wa Ulaya. Kulikuwa na msamaha wa kodi kwa vifurushi vya thamani ndogo vinavyotoka nje ya eneo hilo, uliotokana na kanuni ya Ulaya ya mwaka 1983. Sababu yake ilikuwa ya maana: kukusanya kodi ya senti chache kwenye kifurushi kidogo hugharimu kuliko kodi yenyewe. Uingereza iliweka kikomo cha pauni 18.

Wafanyabiashara wakauona mlango. Santuri za CD na DVD, vitamini, lenzi za macho, zote ziko chini ya pauni 18. Duka la mtandaoni la Play.com lilikua likiwa Jersey, na maduka makubwa kama HMV na Tesco yakapitisha oda zao visiwani. Wakati mwingine bidhaa ilitoka Uingereza, ikavushwa hadi kisiwani, ikafungwa upya, ikarudi kwa mteja Uingereza bila VAT, kodi ambayo Januari 2011 ilipandishwa hadi asilimia 20. Maghala yakajaa, vijana wakapata kazi, na posta za visiwa hivyo zikaishi kwa vifurushi hivyo. Upande wa bara, maduka madogo ya muziki yaliyolipa kodi yao yalishindwa kushindana, na wenyewe wakapiga kelele hadi Bungeni na Brussels.

Hazina ilikadiria kwamba msamaha huo unaigharimu serikali takriban pauni milioni 140 kwa mwaka. Kikomo kikashushwa hadi pauni 15 kuanzia Novemba 2011, kisha ikatangazwa kwamba visiwa hivyo vitaondolewa kabisa kuanzia Aprili 1, 2012. Jersey na Guernsey zilikwenda Mahakama Kuu ya London zikashindwa Machi 2012. Januari 2013 Play.com ikatangaza kuacha kuuza bidhaa zake yenyewe, na kazi zaidi ya 200 zikaingia hatarini, nyingi zikiwa Jersey.

Nadhani Hazina ilikuwa sahihi kuufunga mlango ule. Msamaha uliowekwa ili kupunguza usumbufu ulikuwa umegeuka njia ya kukwepa kodi, na aliyeumia ni mwenye duka aliyefuata sheria. Ninachokiona kigumu ni mpangilio wa kusikilizana. Jersey na Guernsey zina mabunge yao na hazina mbunge hata mmoja katika Bunge la London lililoamua. Mfungaji wa vifurushi alisoma habari ya kazi yake magazetini. Na sheria ya posta na uamuzi wa kodi, mambo mawili yaliyogusa kifurushi kilekile, yalipita katika milango miwili tofauti ndani ya miezi michache.

Mfangano haina udhuru huo. Iko katika eneo bunge la Suba Kaskazini, ina mbunge, ina wawakilishi katika bunge la kaunti ya Homa Bay. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake na za kamati zake. Kifungu cha 125 kinazipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu za kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi. Kamati ikitaka kumsikia nahodha wa boti la Mbita, inaweza kumsikia kesho.

Ndipo wazo la ombi likazaliwa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Fundi aliwaita wenzake wanaouza kwa simu, tukakutana mara kadhaa nyuma ya vibanda vya Kibuye kuandika. Ugumu haukuwa lugha. Ugumu ulikuwa nini kiombwe.

Alikuwepo mzee mmoja aliyestaafu Posta, mtu aliyepanga barua tangu enzi za Shirika la Posta na Simu. Yeye alitaka tuombe vifurushi vyote vya nchi virudishwe mikononi mwa Posta. "Wanangu, zamani kitu cha rejista hakikupotea," alisema. "Kila mkono uliopokea ulitia sahihi. Mkitaka mzigo ufike, rudisheni ile minyororo ya sahihi." Kijana anayeuza viatu akamjibu kwa heshima: "Mzee wangu, mimi natuma kila siku jioni na mteja anapokea asubuhi. Nikilazimishwa kupanga foleni dirishani nitafunga biashara. Posta iuzwe tu, pesa zilipe pensheni zenu."

Nilimpinga kila mmoja kwa nusu. Kuwarudishia watu ukiritimba ni kuwaadhibu wateja wa Kakamega na Bungoma, ambao leo wanahudumiwa vizuri na mabasi, ili kumsaidia mteja wa Sena. Kuuza kabla ya kuandika wajibu ni kumkabidhi mnunuzi majengo ya mjini na kumwachia umma visiwa na milima. Lakini mzee alikuwa ametaja jambo ambalo sisi wote tulilipita. Minyororo ya sahihi ndiyo iliyokosekana Homa Bay, Mbita na Sena. Haihitaji jengo wala ukiritimba. Inahitaji mtu mmoja aliyekubali mbele ya sheria kwamba anawajibika kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho wake, na kila anayembebea njiani anatia sahihi kwa niaba yake.

Kwa msingi huo ombi liliandikwa upya. Linaiomba Kamati iseme, kabla ya uamuzi wowote wa kuuza, kuunganisha au kupangisha mali za Posta, ni nini hasa maana ya huduma kwa wote kwa upande wa vifurushi: ndani ya siku ngapi, kwa bei gani isiyozidi, na hadi wapi. Linapendekeza mahali pa kupokelea pawe duka la wakala, kama Copia ilivyofanya, kwa mkataba na Posta, na boti zinazovuka kila siku zipewe mkataba wa kubeba vifurushi vya Posta kwa malipo na kwa kitabu cha sahihi. Nahodha akibeba kwa mkataba huo anakuwa mkono wa Posta, naye hana haja ya leseni ya peke yake. Kijana wa viatu aliuliza kama kampuni binafsi nazo zinaweza kuomba kazi hiyo ya visiwani. Tukakubaliana ziruhusiwe, mradi zikubali bei na siku zilezile.

Sehemu ya pesa ndiyo iliyotuchelewesha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2009 kuna mfuko wa huduma kwa wote, unaochangiwa na kampuni zenye leseni za mawasiliano, na umesaidia kusimamisha minara ya simu mahali ambapo kampuni zisingejenga kwa hiari. Hoja ya mnara wa simu na hoja ya kifurushi ni moja: mahali pasipo na faida, wenye faida wachangie. Mimi naamini sehemu ya mfuko huo, au fungu la wazi katika bajeti, inapaswa kulipia safari za hasara kwa mkataba unaoonekana. Hilo lingeondoa pia ule mchezo wa kuficha gharama ya huduma ndani ya mishahara isiyolipwa. Baadhi ya wenzetu waliogopa kwamba tukigusa mfuko tutaambiwa tunanyang'anya shule intaneti. Tuliiacha hoja hiyo iwe swali kwa Kamati: ikiwa si mfuko huu, ni fungu gani?

Na tuliomba wachuuzi wa mtandaoni, mawakala na watu wa boti waitwe kutoa ushahidi siku hiyohiyo na wakuu wa Posta na wa Mamlaka ya Mawasiliano, katika chumba kimoja, ikiwezekana Kisumu au Homa Bay. Mzee alisisitiza neno "chumba kimoja" lisifutwe.

Sheria ya mwaka 2012 ya utaratibu wa maombi kwa Bunge inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine, kwa lugha ya adabu. Letu ni la Kiswahili. Inataka pia lieleze kama jambo lenyewe liko mahakamani, na kama mwombaji amejaribu kwanza kupata suluhisho kwa chombo kinachohusika na akajibiwa nini. Hapo ndipo tulipokwama. Fundi alikuwa amelalamika kwa mdomo tu, kwenye kaunta ya kampuni, na maneno ya kaunta hayawezi kuambatishwa. Kwa hiyo ameandika barua ya malalamiko kwa kampuni, na nakala kwa mdhibiti, akiambatisha risiti ya Homa Bay, ujumbe wa M-Pesa wa wazazi aliowarudishia pesa, na maelezo yaliyotiwa sahihi na mama wa Sena, makanga na mwenye boti. Jibu likija, au muda wa kungoja ukipita bila jibu, ombi litafungwa pamoja na karatasi hizo na kupelekwa kwa Karani wa Bunge.

Makanga ndiye aliyekuwa wa mwisho kutia sahihi. Aliuliza kwanza kama atashtakiwa. Tulimsomea ombi lote, akaomba tuongeze sentensi moja kwamba hajawahi kupewa kitabu cha kuandikia mizigo anayokabidhiwa. Tumeiongeza.